Petroli Si Sabuni: Kujikinga na Benzini Gereji na Kwenye Kituo cha Mafuta

Gereji nyingi za kwetu zina kopo la petroli lisilokauka. Asubuhi huoshewa kabureta, mchana cheni ya pikipiki, jioni mafundi huchovya humo mikono kabla ya kwenda nyumbani. Kazi ya kuosha hupewa aliye mdogo kuliko wote, kijana anayejifunza ufundi, naye huinama juu ya beseni saa nzima. Mwongozo huu ni wa kuliondoa kopo hilo. Kwa wale ambao kazi yao ni kuuza mafuta yenyewe, ni wa kupunguza mvuke wanaovuta kila siku.

Kilichomo ndani ya petroli

Petroli ni mchanganyiko wa kemikali nyingi, na mojawapo ni benzini. Majina yasituchanganye: benzini si jina jingine la petroli, ni kimiminika kimoja kati ya vingi vilivyomo. Viwango vya nchi nyingi huitaka isizidi asilimia 1 ya ujazo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka benzini katika Kundi la 1, yaani vitu ambavyo imethibitika kuwa vinasababisha saratani kwa binadamu. Saratani inayohusishwa nayo zaidi ni lukemia, saratani ya damu.

Benzini ikivutwa huingia kwenye damu, na ini hujaribu kuibadilisha ili itoke na mkojo. Katika kubadilishwa huko huzaliwa kemikali nyingine, na baadhi yake hufika kwenye uboho ndani ya mifupa, mahali damu inapotengenezwa. Huko huharibu seli zinazozaa damu. Ndiyo maana fundi anaweza kuwa na mapafu mazima, hakohoi, hana upele, na huku damu yake inapungua.

Jambo hili si geni. Mwaka 1897 daktari Santesson wa Uswidi alieleza habari za wanawake vijana wa kiwanda cha matairi ya baiskeli waliofariki baada ya uboho wao kuacha kutengeneza damu. Katika miaka ya 1970 daktari Muzaffer Aksoy wa Istanbul alionyesha lukemia kwa mafundi viatu waliokuwa wakitumia gundi yenye benzini kwenye vyumba vidogo visivyo na hewa. Walikuwa mafundi wadogo wa mtaani, wenye karakana za chumba kimoja kama nyingi tunazozijua.

Asilimia 1 ni kiasi gani

Tupige hesabu. Chukua chumba cha mita 4 kwa 5, kimo mita 3: mita za ujazo 60. Fundi anamimina robo lita ya petroli kwenye beseni aoshee kabureta. Kama petroli hiyo ina benzini asilimia 1, ndani ya robo lita mna mililita 2.5 za benzini, uzito wake kama gramu 2.2. Ikikauka yote huku mlango umefungwa, kila mita ya ujazo ya hewa hupata miligramu 36 hivi, sawa na sehemu 11 kwa milioni.

Linganisha na viwango. Sheria ya kazi ya Marekani inaruhusu sehemu 1 kwa milioni kwa wastani wa saa 8, na 5 kwa dakika 15. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2022 imeweka 0.2 kuanzia Aprili 2026. Kwa hiyo robo lita moja, kwenye chumba kilichofungwa, yatosha kupita viwango vyote hivyo. Na anayeosha hakai katikati ya chumba akivuta wastani. Uso wake uko sentimita 40 juu ya beseni.

Pua isikudanganye hapa. Mara nyingi benzini huanza kunuka ikiwa tayari imepita viwango hivyo, na petroli ina harufu nyingine nyingi zinazoifunika. Baada ya nusu saa pua huzoea, harufu “inaisha”, ilhali mvuke uko palepale.

Mvuke huo pia ni mzito kuliko hewa. Wa benzini peke yake ni karibu mara 2.7. Haupandi ukatoka dirishani. Hutambaa sakafuni, hujaa kwenye shimo la gereji na kukaa humo. Fundi anayeshuka shimoni kufungua tenki la mafuta yuko mahali pabaya kuliko pote, kwa afya na kwa moto. Tenki lifunguliwe nje, juu ya ardhi, si shimoni.

Kuosha kabureta bila petroli

Petroli inapendwa kwa sababu inayeyusha grisi haraka na kukauka yenyewe. Huko kukauka yenyewe ndiko kunakoipeleka puani. Njia mbadala inachukua muda zaidi lakini haigharimu zaidi.

Anza kwa kufunga koki ya tenki, kisha legeza skrubu ya chini ya bakuli la kabureta, mafuta yaliyomo yatokee kwenye kopo la chuma lenye kifuniko. Yasimwagwe chini. Funika kopo papo hapo. Ukishafungua kabureta, toa plastiki, floti na mipira yote uweke pembeni. Futa uchafu mkavu kwa kijiti cha mbao na kitambaa kabla ya kutumia kimiminika chochote; nusu ya kazi huishia hapo.

Halafu tia lita 2 za maji ya moto, yale ambayo mkono wenye glavu unayavumilia, na vijiko vinne vya sabuni ya unga. Loweka sehemu za chuma dakika 15, kisha sugua kwa mswaki. Kostiki, ile soda kali ya kuzibulia mabomba, isitumike: mwili wa kabureta ni alumini na kostiki huila ikaacha vishimo. Suuza kwa maji safi, tikisa, anika juani hadi ikauke kabisa, maana tone la maji likibaki kwenye jeti, kile kipande chenye tundu dogo la kupitishia mafuta, injini itakohoa na utalaumu sabuni bure.

Ikiwa kuna utomvu wa kahawia uliogandana, ule unaoachwa na petroli iliyokaa miezi, sabuni haitautoa. Hapo weka jeti na vipande vidogo kwenye mkebe wa chuma wenye kifuniko, mimina mafuta ya taa yafunike tu, funga, acha usiku kucha. Kisha osha kwa sabuni kama kawaida. Mafuta ya taa hayana benzini ya kiasi cha petroli na hayatoi mvuke kwa kasi ile, lakini bado ni mafuta: yasipashwe moto, na yasichanganywe na petroli “ili yaume zaidi”, kwani kiasi kidogo cha petroli hufanya mchanganyiko mzima uwake kirahisi kama petroli.

Jeti iliyoziba isipulizwe kwa mdomo. Tumia pampu ya tairi au kompresa kwa mgandamizo mdogo, nje, tundu likielekea mbali na uso, miwani machoni. Kisha ishike kuelekea juani uchungulie: tundu la duara safi ni salama, likionekana kama mwezi mwandamo, bado limeziba upande.

Breki nazo zisioshwe kwa petroli kamwe. Petroli huvimbisha mipira ya mfumo wa breki, na breki iliyooshwa leo inaweza kuanza kuvuja wiki ijayo. Vumbi lake lisipulizwe kwa kompresa pia, kwa kuwa pedi za zamani zinaweza kuwa na asbesto, madini ya nyuzi yanayodhuru mapafu. Lilowanishe kwa maji ya sabuni kisha lifute.

Kuhusu mikono: kijiko kimoja cha mafuta ya kula, kijiko kimoja cha sukari au vumbi laini la mbao, sugua dakika moja ukiwa huna maji, kisha sabuni na maji. Grisi inatoka. Petroli huikausha ngozi ikapasuka, na ngozi iliyopasuka hupitisha kemikali kirahisi zaidi. Kila siku ya kuosha mikono kwa petroli huufanya mkono uwe mlango mpana zaidi kwa siku inayofuata.

Kunyonya mafuta kwa mpira

Hili linaua kwa njia mbili. Mbali ya benzini, tone la petroli likiteleza kwenye njia ya hewa huunguza mapafu, na mtu anaweza kufa ndani ya siku chache. Halihitaji funda zima.

Kwa pikipiki, hakuna haja ya kunyonya: chomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta, uingize kwenye dumu lililo chini ya tenki, fungua koki. Mafuta yatashuka yenyewe. Kwa gari, tumia pampu ya mkono, au ile pampu ya mpira ya kubinya iliyoko kwenye njia ya mafuta ya mashine za boti. Wavuvi wa pwani wanaijua vizuri na maduka ya vipuri vya mashine za boti wanayo. Binya mara tano au sita mafuta yakiwa yanapanda, kisha hujiendesha yenyewe mradi dumu liko chini kuliko tenki. Dumu liwe chini ardhini wakati wa kujaza, si ndani ya gari.

Mtu akimeza: asitapishwe, asipewe maziwa. Asukutue mdomo kwa maji, ateme, apelekwe hospitali. Akianza kukohoa au kupumua kwa shida, hiyo ni dharura hata kama saa moja iliyopita alikuwa anacheka.

Mahali pa kufanyia kazi

Kazi yoyote inayofungua mafuta ifanyike nje, chini ya kivuli. Wengi husimama wakiupa upepo mgongo wakidhani wako salama. Upepo ukipita mwilini hujikunja mbele yako na kukurudishia mvuke usoni. Simama upepo ukikupiga ubavuni. Funga kipande cha mfuko wa plastiki laini kwenye nguzo, urefu wa kiganja, uone upepo unatoka wapi. Hubadilika mara nyingi kwa siku, hasa karibu na bahari.

Ukilazimika kufanya ndani, fungua milango ya pande mbili. Feni ya kawaida iwekwe upande wa hewa safi isukume hewa kupita kazini na kutokea upande wa pili. Isiwekwe karibu na mafuta: mota yake hutoa cheche.

Ovaroli iliyomwagikiwa petroli ivuliwe saa hiyohiyo. Kuivaa hadi ikauke ni kujifunika mvuke. Ianikwe nje mbali na moto hadi ikauke, ifuliwe peke yake, isichanganywe na nguo za watoto. Kitambaa chenye petroli mfukoni ni kosa lilelile kwa udogo wake: kiko sentimita chache kutoka kwenye ngozi siku nzima.

Barakoa na glavu, kwa ukweli wake

Barakoa ya kitambaa, ya hospitali, hata ile ngumu ya vumbi, haizuii mvuke. Huzuia chembe, na mvuke si chembe. Anayempa mfanyakazi barakoa ya vumbi kwa kazi ya petroli amempa utulivu wa moyo usio na msingi, na hilo ni baya kuliko kutompa kitu, maana atakaa kazini muda mrefu zaidi.

Inayofaa ni barakoa ya mpira yenye vichujio vya mvuke wa mafuta na wa tina, kile kiyeyusha rangi. Vya mfumo wa Ulaya vina mkanda wa kahawia na herufi A. Vya Marekani vina rangi nyeusi. Kila ukiivaa, ziba vichujio kwa viganja, vuta pumzi: barakoa ivutike kubana usoni na ibaki hivyo. Ikiachia, inavuja. Ndevu huivujisha bila kujali unakaza kiasi gani. Kichujio hujaa, na huwezi kungoja harufu ikuambie kimejaa, kwa sababu tuliyoisema juu ya pua. Andika tarehe ya kukifungua, kibadilishe kwa ratiba, na kila baada ya kazi kihifadhi kwenye mfuko uliofungwa. Kikiachwa wazi ukutani gereji kinaendelea kufyonza mvuke usiku kucha.

Glavu za lateksi, zile nyeupe za hospitali, hazifai. Za nitrili, mpira wa kutengenezwa kiwandani, zilizo nyembamba zinatosha kwa mrusho mdogo wa petroli, dakika chache, kisha zitupwe. Kwa kushika mafuta muda mrefu tafuta nitrili nene. Petroli ikishaingia ndani ya glavu, glavu hiyo ni mbaya kuliko mkono mtupu, kwa sababu imezuia mafuta yasikauke na kuyabana kwenye ngozi.

Kwenye sheli

Mhudumu wa pampu hupata mvuke wakati tenki la gari linajaa: mafuta yanaposhuka, hewa iliyojaa mvuke hufukuzwa nje kwa ujazo uleule. Lita 40 ndani, lita 40 za mvuke nje, palepale kwenye mdomo wa tenki. Basi usiinamie kuchungulia. Weka pistola ya pampu kwenye tenki, simama upepo ukikupiga ubavuni, na ikikata mara ya kwanza iache. Kuongezaongeza hadi mafuta yaonekane ndiko kunakomwaga na kuleta mvuke usoni, na mteja anayetaka “ijae mpaka juu” aelezwe kwa upole.

Wakati mzito zaidi ni kushusha mafuta kutoka kwenye lori na kupima tenki la chini kwa fimbo. Ukifungua kifuniko cha kupimia, geuza uso, rudi hatua mbili, subiri mvuke wa kwanza upite ndipo uingize fimbo. Fimbo isifutwe kwa kiganja wala kwenye suruali. Mafuta yakimwagika, mchanga mkavu, si maji. Mchanga huo ukusanywe kwenye ndoo yenye kifuniko.

Chakula kiliwe mbali na pampu, baada ya kunawa. Sigara, mbali ya kuwa hatari ya moto, ina benzini yake yenyewe: mvutaji hupata kwenye moshi sehemu kubwa ya benzini inayoingia mwilini mwake.

Wanaouza petroli kwa chupa barabarani wako kwenye hatari ileile bila hata ukuta wa kuwakinga na jua. Chupa ikipata joto hutoa mvuke kila inapofunguliwa. Kivuli, kifuniko kinachokaza, na faneli ndefu inayofika karibu na chini ya chupa ili mafuta yasirukeruke: hayo matatu hupunguza mengi.

Mkataba namba 136 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1971, unahusu benzini na bidhaa zenye benzini zaidi ya asilimia 1. Unakataza wajawazito na wanaonyonyesha kufanya kazi inayowakutanisha nayo, na vijana wa chini ya miaka 18 isipokuwa walio mafunzoni chini ya usimamizi. Hata pale ambapo petroli iko chini ya kiwango hicho, busara ni ileile: mhudumu akishika mimba ahamishiwe dukani au ofisini, na beseni la kuoshea lisiwe kazi ya mtoto.

Gundi na tina

Gundi ya viatu, tina ya rangi na dawa za kusafishia kabureta zinaweza kuwa na benzini au zisiwe nayo, harufu haitakwambia. Mwombe muuzaji karatasi ya taarifa za usalama wa kemikali. Fungua sehemu ya 3, utafute namba 71-43-2: hiyo ni benzini kwa lugha yoyote. Kwenye kopo lenyewe tazama alama ya kifua cha mtu chenye nyota nyeupe ndani ya mraba uliosimama kwa pembe moja, wenye mpaka mwekundu, na namba H350, inayomaanisha inaweza kusababisha saratani. Tina isiyo na lebo, inayopimwa kwa chupa za maji, usiinunue kwa kazi ya ndani.

Kupima damu

Kipimo ni hesabu kamili ya chembe za damu, kile ambacho maabara za Tanzania hukiita FBP. Kifanyike kabla ya kuanza kazi, kisha kila mwaka, ikiwezekana maabara ileile. Jibu la kwanza ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote. Watu wengi wenye asili ya Afrika wana chembe nyeupe aina ya neutrofili chache kuliko viwango vilivyochapishwa kwenye karatasi, na wako wazima kabisa. Bila kipimo cha mwanzo, daktari hawezi kujua kama hesabu yako ndogo ni ya kuzaliwa au ni benzini. Kinachotafutwa ni mteremko: chembe nyeupe, chembe nyekundu au chembe sahani (zile zinazosaidia damu kuganda) zinazoshuka mwaka hadi mwaka.

Dalili zenyewe huja kimyakimya: uchovu usioisha kwa usingizi, fizi zinazotoka damu, madoa ya bluu bila kujigonga, homa zinazorudi huku kipimo cha malaria hakionyeshi kitu. Ukiwa na hizo, mwambie daktari unafanya kazi gani na kwa miaka mingapi, hata kama hajauliza. Mara nyingi hataulizia.

Tanzania Bara, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamwajibisha mwajiri kulinda afya ya mfanyakazi, na msimamizi wake ni OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini. Fidia ya ugonjwa unaotokana na kazi hushughulikiwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Kenya kuna sheria mbili za mwaka 2007, ya usalama na afya kazini na ya fidia kwa majeraha na magonjwa ya kazi.

Lukemia yaweza kuja miaka mingi baada ya kuacha kazi, wakati gereji imeshafungwa na mwenyewe amehama. Basi weka daftari nyumbani: mwaka ulioanza na uliomaliza kila kazi, jina la mwajiri, ulichokuwa unashika na kwa saa ngapi kwa siku, majina ya wawili watatu mliofanya nao. Bandika humo nakala za mkataba, hati za mshahara na kila jibu la damu. Ziwe nakala zako, si za ofisini.